Nimeshiba, Asante

Mama aliuza maksai wetu wawili mvua za kupandia zikiwa zimeshaanza, na hadi leo kuna watu kijijini kwetu Mollo wanasema alirogwa. Wacha waseme. Hawakuwa wao waliokuwa wanapigiwa simu na mtoto mwenye njaa kutoka Poland. Nilikuwa napigiwa mimi, hapa hapa kwenye meza yangu ya maharage na unga wa ulezi, soko kuu la Sumbawanga, huku wateja wakiniuliza mbona leo dada Salome umenuna.

Mtoto mwenyewe ni mdogo wangu Flavian, kitinda mimba wa nyumba yetu. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, anasomea mambo ya udongo, ndipo wakachaguliwa wanafunzi wachache wa kubadilishana na chuo kimoja cha huko. Wao walete wa kwao, sisi tupeleke wa kwetu, wasome muhula mmoja halafu kila mtu arudi kwao. Ada ililipwa, chumba kililipwa, tiketi ya kurudi anayo. Hela ya kula ndiyo angepewa kwa awamu. Awamu ya kwanza ilikuja. Ya pili ofisi ikasema avumilie, itatoka mwezi ujao. Mwezi ujao! Tumbo la mtu unaliambiaje lingoje mwezi ujao?

Na huku nyumbani tulikuwa tumeshajitangaza. Jumuiya yetu ilimchangia koti na begi, na mama Gaudiosa, katibu wa jumuiya, alisimama baada ya sala akasema sasa na sisi tuna mtu Ulaya. Tangu hapo kila picha aliyotuma Flavian ilizunguka nyumba kwa nyumba. "Huyo kanenepa!" wanasema. Kanenepa wapi, jamani? Alikuwa amevaa masweta mawili ndani ya koti. Binamu yetu Enock alishatuma na namba ya viatu anavyotaka.

Mimi nilijua mapema kwamba mambo si mambo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mshauri wake wa matumizi. Mtu akishauza maharage miaka yote hii anajua kuibana shilingi. Nikamwambia acha kupanda basi, tembea kwa miguu. Akaacha basi, akawa anatembea kwenye theluji hadi chuoni na kurudi. Nikamwambia nenda dukani jioni wakati wanafunga, vitu vinashuka bei. Akaenda, akawa anapata mkate wa jana na kabichi iliyochoka. Nikamwambia sasa omba wapunguze na hapo. Akajaribu, masikini, akamwambia muuzaji bei ya nyanya ni kubwa mno, ashushe kidogo. Yule dada wa dukani akamwita mlinzi. Tulicheka siku hiyo hadi nikajifuta machozi kwa kanga.

Baadaye hatukucheka tena. Alianza kupiga simu akiwa amelala. Namuuliza mbona uko kitandani saa hizi, anasema ukilala njaa inapungua. Alizima kile chuma kinachopasha chumba joto, maana umeme na joto analipia mwenyewe. Namuuliza amekula nini, ananiambia viazi. Na jana? Viazi. Siku moja nikamuuliza, "Leo umekula?" akasema, "Dada, tuongelee mambo mengine." Nilikata simu nikampigia mama papo hapo.

Mama yetu anaitwa Adela. Ni mjane tangu Flavian akiwa wa kubebwa mgongoni, na ni mwanamke ambaye hajawahi kukopa hata chumvi kwa jirani. Nilipomweleza hakulia wala hakuuliza maswali mengi. Alisema tu, "Mayunga yupo mjini?" Nikajua tumekwisha.

Mayunga ni Msukuma, mfugaji wa huko bondeni, Mtowisa. Hupanda huku juu akiwa na shughuli za mnada, na alishawahi kuwasifia wale maksai wetu. Alifika Mollo kesho yake asubuhi, akawazunguka, akawapapasa migongo, kisha akamgeukia mama.

"Shikamoo mama. Lakini mwezi wa kulima huu. Unauza miguu yako?"

"Nauza ng'ombe, baba. Miguu ninayo," mama akamjibu.

Sitasema kwamba alitupunja. Alilipa bei ya haki, na alipokuwa anawaondoa alitembea taratibu ili mama asione wanaswagwa. Lakini shamba letu lilibaki jinsi lilivyo. Majirani walikuwa wanalima, wengine wameshaanza kupanda mahindi, na mama alishika jembe la mkono akaanza kona moja peke yake. Alikuwa analima akiangalia chini tu, asije akamwona mtu anayemhurumia.

Hela tukaipeleka benki, mimi na mama, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Kijana wa dirishani, Victor jina lake, alitusaidia kwa adabu kabisa. Akajaza, tukasaini, akagonga muhuri. Flavian nikamwambia vumilia, inakuja. Tukangoja. Haikuja. Tukarudi benki, tukaambiwa hela imeshatoka.

"Imetoka kwetu, haijafika kwao," Victor akasema. "Ipo njiani."

"Njiani wapi?" nikamuuliza. "Imepanda gari gani? Imelala Tunduma mpakani?"

"Dada, usikasirike. Kuna benki nyingine hapo katikati. Wameishikilia wanaikagua. Ni utaratibu."

"Utaratibu! Mtoto anakula utaratibu?"

Mama alinivuta mkono tukatoka. Kuanzia hapo akawa anatoka Mollo kila asubuhi, anafika benki, anasalimia, anaambiwa bado, anashukuru, anakuja kukaa kwenye kiroba nyuma ya meza yangu. Mtu akija kununua anampimia maharage vizuri kabisa, kisha anarudi kukaa. Nilikuwa namwangalia naumia. Maksai wameenda, hela imepotelea hewani, shamba limelala, na mtoto bado ana njaa. Nilikuwa nimeshindwa hata kusali. Nikifungua mdomo nisali, inatoka hasira.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imepiga asubuhi ikakata, soko lote matope. Ilipofika saa tisa hivi alasiri simu ikalia. Flavian. Sauti yake ilikuwa chini sana, nikaweka spika na simu juu ya unga ili mama naye asikie.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama yupo hapa."

"Shikamoo mama. Hela imefika?"

"Bado," nikasema.

"Haya. Siyo mbaya." Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba jana alianguka darasani. Alisimama kujibu swali, akaona giza, akaamkia sakafuni. Walimpa maji. Mwalimu alimuuliza kama ni mgonjwa, akasema hapana, ni baridi tu. "Ila dada, mtihani ni wiki ijayo, na nikisoma herufi zinacheza. Nafikiria nirudi tu nyumbani. Niache. Lakini hata hiyo tiketi, kubadilisha tarehe ni hela."

Mama alishika ukingo wa meza. Mimi nikaanza kuropoka, maana nikiogopa huwa nafoka. "Wewe na huyo mwalimu wako! Hakuna hata mtu mmoja huko mwenye macho? Hakuna anayeona mtoto anakonda? Hao Wazungu mioyo yao ni ya jiwe?"

"Hapana dada, usiwaseme vibaya. Ni watu wema. Bibi mwenye nyumba ni mwema sana."

Huyo bibi tulikuwa tumeshamsikia. Ni mjane, anakaa chini, Flavian amepanga chumba cha juu.

"Wema gani?" nikauliza. "Amekupa nini?"

"Alipanda juzi akagonga, kabeba bakuli la supu. Ya maharage na nyama, dada, na mkate. Akaniuliza kama nitakula."

"Ehe?"

"Nikamwambia nimeshiba, asante."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Ukamwambia nini?"

"Nimeshiba, asante. Sasa dada, ulitaka nimwambie nini?"

"Halafu?"

"Akasema sawa. Akashuka nayo. Nilikaa nyuma ya mlango nikimngoja arudi. Nilikaa sana. Nilisikia anaosha bakuli."

Jamani. Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa kilichonipata hapo, kwa hiyo ngoja niseme. Huku kwetu ukifika nyumba ya watu ukawakuta wanakula, watakukaribisha, na wewe utasema nimeshiba, hata kama tangu jana hujatia kitu mdomoni. Watakukaribisha tena, utasema asante, nimetoka kula sasa hivi. Mara ya tatu mwenye nyumba atakushika mkono, atakugombeza kidogo, atakunawisha mwenyewe. Hapo ndipo unakula, na unabakiza kidogo. Kila mtu anajua. Mwenye nyumba anajua kwamba hujashiba, nawe unajua kwamba anajua. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayekaribisha mara moja tu ni mchoyo.

"Flavi," nikasema, "ni huyo bibi peke yake?"

Kumbe hapana. Kuna wenzake wa darasani waliomwita kwenye chakula cha siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, akasema ana kazi, wakasema basi. Kanisani baada ya misa huwa wanatoa chai na keki kwa waumini, bure kabisa. Mama mmoja alimnyooshea sahani, akasema nimeshiba, yule mama akaipeleka kwa mwingine. Mara ngapi? Kila Jumapili. Kila Jumapili mtoto wetu amesimama mbele ya keki, anasema nimeshiba, anarudi chumbani kulala ili njaa ipungue!

"Nilidhani hawanipendi," akasema. "Nilidhani wanakaribisha kwa mdomo tu."

"Hawajui! Wakiambiwa hapana, kwao ni hapana! Sasa nisikilize. Ondoka hapo kitandani. Shuka chini sasa hivi, gonga mlango wa huyo bibi, mwambie una njaa."

"Dada, siwezi."

"Lugha yao, unajua kusema njaa?"

"Najua."

"Basi unajua vya kutosha. Mwenye njaa hana miiko. Shuka!"

Hapo ndipo mama aliposimama. Nilidhani anataka kuniunga mkono. Kumbe alikuwa amekasirika, na aliyemkasirisha ni mimi.

"Salome. Unamfundisha mwanangu kuombaomba?"

"Mama, ameanguka darasani!"

"Hela itafika. Nimeuza ng'ombe wangu ili mwanangu asigonge milango ya watu. Unajua kwa nini niliwafundisha vile? Unajua walisema nini baba yenu alipokufa? Shangazi yenu alisema mbele ya watu, matangani, watoto wa mjane kazi yao ni kunusa vyungu vya watu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nikaapa wangu hawatanusa chungu cha mtu hata siku moja."

Hilo nilikuwa sijawahi kulisikia. Nilikumbuka tu vidole vyake, jinsi alivyokuwa anatufinya chini ya paja tukikaribishwa, na Flavian mdogo kabisa akisema "nimeshiba" huku macho yake yakiwa kwenye sahani. Watu walimsifia mno kwa hiyo. Lakini sikuweza kuyanyamazisha yaliyokuwa yananitoka.

"Mama, shangazi ameshakufa!" nikapiga kelele, soko zima likageuka. "Amekufa na maneno yake! Na huyu naye atakufa, atakufa na adabu yako, watamleta kwenye sanduku, na watu watasema alikuwa mtoto mwenye adabu sana!"

Mama alinitazama kama mtu niliyempiga kofi. Kwenye simu tulisikia Flavian anavuta pumzi.

"Mama," akasema. "Msigombane. Sitaenda. Nitangoja hela."

Mama akainamia simu. Aliishika kwa mikono miwili, na vumbi la ulezi lilimpaka viganja.

"Flavi. Ni mama."

"Naam, mama."

"Nenda ukagonge."

"Mama, wewe mwenyewe ulisema..."

"Najua nilichosema. Nimekwambia nenda. Na usiseme umeshiba. Akikuuliza mara moja tu, ukubali. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Simu weka mfukoni, usiizime," nikadakia, maana nilimjua. Angeshuka ngazi, angesimama mlangoni, angerudi juu, na kesho angetuambia bibi hakuwepo.

Tukasikia nguo zinasuguana na simu. Tukasikia ngazi, hatua moja moja, anapumzika katikati. Kisha kimya, kimya kirefu, hadi mama akanishika mkono kwa nguvu. Kisha akagonga. Mlango ukafunguka, sauti ya mwanamke mzee ikauliza jambo. Flavian akasema neno moja. Sauti yake ilikatika hapo hapo, akalirudia.

Yule bibi akaanza kusema kwa kasi na kwa sauti ya juu.

"Anamfukuza?" mama akaniuliza.

"Hapana mama. Anamgombeza." Lugha siijui, lakini mwanamke mtu mzima akigombeza mtoto wa watu nitamwelewa popote. Tukasikia kiti kinaburutwa. Tukasikia sufuria, mfuniko, sahani. "Sikiliza, anapakua."

Halafu kijiko. Kilikuwa kinagonga sahani haraka haraka, bila kupumzika. Mteja wangu mmoja alikuwa amefika anataka unga, akakuta tumeinamia simu, naye akaweka mfuko wake chini akangoja. Mama alikuwa amefumba macho. Kila kijiko kilipogonga, kidevu chake kilitikisika kidogo.

Kijiko kikasimama. Bibi akauliza kitu, maneno machache tu. Flavian hakujibu.

Mama akafumbua macho. "Anamuuliza kama amuongezee," akasema. Sijui alijuaje. "Salome, anamuuliza! Flavi! Flavi, mwambie ndiyo! Kubali, mwanangu! Omba tena!"

Alikuwa anapiga kelele mbele ya watu wote, mama yetu huyu ambaye hajawahi kupaza sauti hata kanisani. Wauza dagaa waliacha kuuza. Sijui kama kule mfukoni alisikika, maana sauti ya simu ni ndogo. Ila baada ya muda tulimsikia Flavian akisema neno fupi, ndiyo ya kwao, na hapo hapo tukamsikia analia, analia kwa sauti kabisa, na bibi akinong'ona, na sahani ikiwekwa mezani.

Mama akarudi kukaa kwenye kiroba. Alijifunika uso wote kwa kanga.

"Amekubali mara ya ngapi?" akauliza kutoka humo ndani.

"Ya kwanza, mama."

Mabega yalianza kumtikisika. "Mwanangu amekuwa ombaomba," akasema. "Mimi ndiye nimemtuma."

Nilinyoosha mkono nizime simu, tusiendelee kumsikiliza mtoto anavyolia mezani kwa watu. Mama akanidaka mkono.

"Usikate," akasema. "Ngoja amalize kula."